Mizunguko Mitatu ya Mama

Wewe uliangalia pembeni. Usikane. Mwaka ule Mto Tana ulipovunja kingo zake, watu wa Garsen walilala kando ya lami pamoja na mbuzi wao na magodoro yaliyolowa, na gari ulilopanda lilipita hapo hapo. Uliwaona. Kisha ukavuta pazia la dirisha. Na kama hukupita njia hiyo, uliwaona katika televisheni. Mtu mmoja sebuleni akasema, "Hao wa Tana River kila mwaka ni mafuriko tu," akabadilisha stesheni mkatazama mpira. Hukumjibu. Hakuna aliyemjibu.

Basi leo utasikiliza. Miongoni mwa wale ambao hukutaka kuwatazama alikuwamo mwanamke mmoja aliyeitwa Ubah. Maji yalipopungua, wengine walihesabu mbuzi wao waliobaki, lakini Ubah alikuwa kaburini. Hadithi hii ni ya Hawo, binti yake mdogo, na ya kitu ambacho Ubah alikiacha hakijaisha.

Hawo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita. Kila siku aliamka kwa adhana ya alfajiri. Aliswali, akachukua mtungi wa lita ishirini, akapanga foleni kwenye tangi la maji. Kijiji chao kipya kilikuwa juu ya mwinuko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Garsen mjini. Waliambiwa wangekaa hapo wiki tatu tu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Nyumba zilikuwa za duara, za fito na nyasi, kama Waorma wanavyojenga tangu zamani, ila juu zilifunikwa kwa maturubai ya msaada yaliyokwisha kuchanika. Upepo ulipovuma, yalipigapiga kama mbawa za kuku anayechinjwa.

Akishateka maji, Hawo aliketi mbele ya bibi yake, mama wa baba, ambaye watoto wote pale walimwita Akko, yaani nyanya. Katikati yao kulikuwa na chombo cha maziwa.

Katika ukoo wao, binti hatoki kwenda kuolewa bila chombo cha maziwa alichosukiwa na mama yake. Vyombo vingine vyaweza kununuliwa, viwe vya plastiki au vya bati, hakuna anayejali. Hicho kimoja hakinunuliwi. Husukwa kwa nyuzi zinazochunwa kwenye mizizi ya porini, mzunguko juu ya mzunguko, zikikazwa mpaka chombo kishike maziwa. Bibi harusi akiondoka kwao, maziwa ya kwanza humiminwa humo, naye hufika kwa mumewe nacho kimejaa. Wala hajisukii mwenyewe. Kujisukia ni kama kutangaza kwamba huna wa kwenu.

Abdia, dada yake Hawo, alikuwa ameposwa na kijana wa kijiji cha Chewele aliyeitwa Jatani. Harusi ilikuwa baada ya Idd. Chombo cha Abdia kilikuwa na kitako, tumbo na mabega. Shingo na mdomo havikuwapo, kwa sababu aliyekuwa akikisuka alifariki kabla ya kufika hapo.

Nani angemalizia? Akko macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na viungo vya vidole vimevimba kama tangawizi. Abdia hakuruhusiwa. Alibaki Hawo.

"Mimi njia naijua, ila siwezi tena kuitembea," Akko alimwambia siku ya kwanza. "Wewe utakuwa miguu yangu."

"Lakini Akko, kusuka ni kwa mikono."

"Na huo mdomo ni wa nini, wa kunifundisha mimi kusema? Shika sindano."

Sindano yenyewe ilikuwa spoki ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe. Ilimchoma Hawo kidole gumba, ikamchoma na cha shahada, naye hakulalamika. Alijua kwa nini anastahili kuchomwa. Mama yake alipokuwa hai alimwita mara nyingi, "Hawo, njoo uone hapa panavyofungwa," naye akajibu, "Kesho, mama," huku miguu yake imekwisha kufika uwanjani kwenye kati, mchezo wa kukwepa mpira. Mpaka sasa zile "kesho" zilikuwa zikimrudia akilala.

Na mama alipougua, Hawo hakuwapo. Alikuwa Garsen mjini kwa mjomba, kwa ajili ya shule. Maji yakakata njia siku kumi na mbili. Alipofika nyumbani alikuta tuta la udongo limefunikwa kwa matawi ya miiba ili fisi wasilifukue. Ni malaria, walimwambia. Hawakuongeza neno. Kila alipouliza, baba yake alitoka nje kutazama ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe, baada ya ukame na mafuriko, walikuwa wamebaki tisa tu na hawakuhitaji kutazamwa sana.

*

Hawo alikuwa bado hajaongeza mzunguko wake wowote, ila alikuwa akikibeba chombo shuleni ili ajizoeze kufunga uzi wakati wa mapumziko. Siku moja rafiki yake Hibaq, binti wa mwenye duka, alikichukua akakigeuzageuza kama mnunuzi wa mbuzi.

"Wee Hawo! Hii mizunguko mitatu ya juu ilisukwa juu ya mgongo wa punda? Tazama inavyoyumba!"

Wenzao wakasogea. Mmoja akacheka.

"Hata bibi yangu asiye na meno angesuka vizuri kuliko hivi," Hibaq akaendelea.

"Kwani bibi yako husuka kwa meno?" Hawo alimjibu, na sasa kicheko kikamwangukia Hibaq, ambaye alicheka pia kwa kuwa hakuwa mtoto wa kununa.

Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuingia. Hawo alipokaa peke yake alikitazama chombo upya. Ni kweli. Chini, kazi ya mama yake ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula. Kisha, mabegani, mizunguko mitatu ya mwisho ililegea hapa, ikakazwa mno pale, ikapanda na kushuka. Mahali pamoja uzi ulikuwa umerudiwa mara nne bila sababu.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Levi aliwafundisha kazi za mikono. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye kupenda watoto, na alichosema alikisema kwa nia njema. "Kasoro moja huharibu kazi nzima," alisema. "Mtu hatazami pale ulipofanya vizuri. Atatazama pale ulipokosea."

Hawo aliwaza juu ya Chewele. Aliwaona wanawake wa ukweni wakipokezana chombo mkono kwa mkono, wakipitisha vidole mabegani, wakitazamana. Hii ndiyo kazi ya mama yake? Wangemcheka Ubah, na Ubah asingekuwapo kujitetea. Mtoto aliyeshindwa kumzika mama yake angemwacha tena achekwe na wageni?

Alasiri hiyo Akko alipojinyoosha kwenye mkeka akasinzia, Hawo alichukua spoki akaanza kufumua. Uzi ulitoka ukiwa umejikunja, mgumu, ukilia kwa sauti ndogo kila ulipochomoka kwenye tundu lake. Alifumua mzunguko wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nyuzi hakuzitupa. Siku hizi mizizi ni shida kupata. Pale ambapo kina mama walikuwa wakienda kuichimba tangu enzi za bibi zao, sasa pana seng'enge na kibao cha kampuni ambayo hakuna mtu pale kijijini aliyeulizwa kama anaitaka. Kwa hiyo alizikunja nyuzi akazitia kwenye mkebe wa majani ya chai, akauweka nyuma ya sanduku.

Kisha akasuka upya.

Ukweli lazima usemwe, hata kama unauma: siku zile Hawo alikuwa na furaha. Vidole vilikuwa vimeanza kuelewa. Uzi uliingia, ukazunguka, ukakaa. Kwa mara ya kwanza tangu alipoliona lile tuta la miiba, aliweza kukaa saa nzima bila kuhisi jiwe kifuani. Alifahamu kwa nini mama yake alipokuwa akisuka hakusikia akiitwa. Mizunguko yake mitatu ilitoka imenyooka, imelingana, safi.

"Umefika wapi?" Akko alimwuliza kila asubuhi.

"Nimemaliza mzunguko wa tatu, Akko," asubuhi moja Hawo alijibu.

Akko alipapasa mzunguko wa juu tu, ule uliokuwa bado na unyevu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani ni mitatu ya Hawo juu ya mitatu ya mama yake. Hawo hakumsahihisha. Hakutamka uongo hata mmoja, na bado alidanganya.

*

Abdia alirudi kutoka Hola, ambako alikuwa amekaa wiki tatu kwa shangazi akishonewa nguo za harusi. Alishuka na mfuko wa nguo, hina mikononi, akamsalimia Akko kwa kumbusu mkono. Kisha akasema, kabla hata ya kunywa chai, "Kiko wapi changu?"

Hawo alimletea chombo kwa majivuno. Alingoja kusifiwa.

Abdia hakukitazama. Alifumba macho, akaweka kidole gumba mabegani mwa chombo, akakizungusha taratibu. Akarudia. Mara ya tatu kidole kilikwenda mbio, kama mtu anayepapasa mkeka gizani akitafuta kitu alichokuwa amekiweka hapo hapo.

"Hawo. Iko wapi?"

"Nini?"

"Ile mizunguko mitatu."

"Si hiyo hapo? Kidole chako kimezoea cherehani za Hola." Hawo alijaribu kucheka.

"Ile iliyopinda. Iko wapi?"

"Mimi sikugusa kitu cha mama."

Huo sasa ulikuwa uongo wenyewe, uliotamkwa kwa mdomo, mchana, mbele ya bibi yake. Akko aligeuza uso wake wenye ukungu kuelekea sauti ya Hawo.

Abdia aliketi chini na nguo zake mpya. Alianza kusema bila kumtazama mtu, na sauti yake haikupanda.

"Homa ilikuwa ikimjia jioni na kumwachia asubuhi. Tulikuwa chini ya turubai moja, familia nne. Zahanati ilikuwa imezungukwa na maji, na hata kabla ya maji haikuwa na dawa. Walituambia boti inakuja kesho. Kila siku, kesho. Mama akiachiwa na homa kidogo tu anasema, niletee chombo. Mikono inatetemeka mpaka sindano inamchoma. Nilimwambia, mama, pumzika. Akasema, 'Nikipumzika mimi, wewe utaondoka hapa na nini?' Mzunguko wa kwanza alikuwa anaweza kukaa. Wa pili nilimwegemeza kifuani kwangu. Wa tatu alisuka amelala, chombo juu ya tumbo lake, mimi nikimshikia uzi. Ulipofungwa, akaniambia nimpe maji. Boti ilikuja siku ya kumi na mbili, imejaa watu wenye kamera. Tulikuwa tumeshamzika."

Maturubai yalipigapiga.

"Kila siku nilikuwa nikipitisha kidole hapo," Abdia alisema. "Pale alipotetemeka. Sikuwa na kitu kingine chake. Picha hatuna. Nguo zilichukuliwa na maji."

Alikiweka chombo chini polepole, akakisukuma mbele ya Hawo.

"Ni kizuri," alisema. "Kimenyooka. Mpe mtu mwingine. Mimi nitakwenda Chewele mikono mitupu."

Akatoka nje.

Hawo alibaki na chombo miguuni. Alitaka Akko amchape. Alitaka baba yake aingie na fimbo ya kuchungia. Lakini Akko alikuwa ameketi tu, machozi yakimtoka kwenye macho ambayo hayakuona tena.

"Akko," Hawo alisema. "Nilifumua. Niliona imepinda nikaona aibu. Nikadhani watu watamcheka. Na nilipokwambia nimefika wa tatu, nilikuwa nakuficha. Na nilipomwambia Abdia sikugusa, nilisema uongo."

"Nimesikia."

"Nichape basi."

"Nikuchape ili wewe upone? Hapana." Akko alijifuta uso kwa pembe ya mtandio. "Na mimi nina langu. Nilikufundisha kufunga uzi, sikukuambia uzi ule ni wa nini. Tulikuficha wote. Tulisema mtoto asisikie, mtoto ataumia. Sasa tazama mtoto alivyoumia." Alinyoosha mkono. "Nyuzi ulizifanyaje?"

"Ziko kwenye mkebe."

Akko alishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake. "Lete."

Hawo alizimimina mapajani mwake. Akko alishika uzi mmoja akaupitisha baina ya vidole vyake vilivyovimba, toka mwanzo hadi mwisho. Uzi ulikuwa umejaa mikunjo, mmoja karibu na mwingine, kisha nafasi, kisha mikunjo mitatu iliyobanana.

"Uzi wa mzizi hausahau ulipokunjwa," Akko alisema. "Harusi ni baada ya siku ngapi?"

"Siku tisa."

"Fumua ya kwako. Yote mitatu."

Hawo alitazama ile mizunguko yake iliyonyooka, kazi pekee nzuri aliyowahi kuifanya maishani. Akachukua spoki.

*

Haikuwa kazi rahisi. Uzi wa kwanza wa mama yake ulikatika alipouvuta. Wa pili pia ulikatika. Hawo akalia kwa hasira.

"Unaulazimisha," Akko alisema. "Ufunge kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka adhuhuri. Usiuloweke, ukilowa sana utanyooka na mikunjo yake itapotea. Kisha uufuate. Usiufundishe kazi. Wenyewe unaijua."

Kwa hiyo Hawo aliufuata. Pale uzi ulipokuwa na mkunjo, aliutia tunduni na kuuacha ukae kama ulivyokuwa umekaa. Na kwa kuufuata hivyo, mkunjo kwa mkunjo, alianza kuona mambo ambayo hakuna mtu aliyemsimulia. Hapa mkono ulikuwa na nguvu, mikunjo imekaribiana sawasawa: ni asubuhi, homa imetoka. Hapa umelegea. Hapa umesimama, kisha ukaanza tena mbele kidogo: labda alilala. Na pale ambapo uzi ulikuwa umerudiwa mara nne bila sababu, Hawo alisimama muda mrefu, spoki mkononi. Sababu ilikuwepo. Mama yake alikosa tundu mara tatu. Mara ya nne akalipata.

Hakuwa amemshika mkono mama yake alipokuwa akifa. Sasa alikuwa akiufuata mkono ule, umbali wa uzi mmoja nyuma yake, siku baada ya siku, kutoka mzunguko wa kwanza alipokuwa ameketi hadi ule aliosuka amelala. Alilia huku akisuka, wala hakuficha. Hibaq alikuja siku moja kumtafuta, akasimama mlangoni, akaelezwa yote. Alijifunika mdomo kwa mkono.

"Mimi ndiye niliyesema juu ya punda," alisema.

"Ulisema ulichokiona. Mimi ndiye niliyefumua bila kuuliza."

Hibaq aliketi. "Basi nikushikie uzi," akasema, na akashika mpaka alasiri bila utani hata mmoja, jambo ambalo kwake halikuwa dogo.

Si nyuzi zote zilizokubali. Mzunguko wa tatu ulirudi karibu wote. Wa pili ulirudi robo tu. Wa kwanza ulikatikakatika, ukawa vipande. Hawo alitaka kuvizika vipande hivyo, Akko akakataa. Walivitia ndani, kwenye kiini cha mizunguko iliyofuata, mahali ambapo jicho halifiki. Kisha Akko alimwambia achukue uzi mmoja mweusi na kuupitisha mduara mzima, kabla ya kuanza shingo kwa nyuzi zake mwenyewe.

"Wa nini?" Hawo aliuliza.

"Pale mkono unapobadilika hapafichwi. Mtu ajue: mpaka hapa ni Ubah. Kutoka hapa ni Hawo."

Shingo, pamoja na mdomo wake, ilisukwa kwa siku nne. Ilikuwa imepinda kidogo. Hawo aliiona, akaiacha.

*

Asubuhi ya kuondoka kwa bibi harusi, baba alikamua mwenyewe wale ng'ombe waliokuwa na maziwa. Chombo kilikuwa kimefukizwa moshi usiku kucha. Akko alimwamuru Hawo amimine. Hawo alimimina, na mara matone meupe yakajitokeza mabegani, moja, mawili, matano, yakaanza kutiririka chini. Yalitoka pale pale, kwenye nyuzi kuukuu.

Hawo alishika kichwa. "Akko, kinavuja!"

"Nyamaza. Kina kiu. Chombo kipya hunywa kwanza."

Walingoja. Baba alikuwa amechuchumaa na ndoo. Wanawake waliokuja na vifurushi vya safari wakasogea karibu. Matone yalipungua. Moja likaning'inia muda mrefu, halikudondoka. Nyuzi zilikuwa zimevimba na kujifunga zenyewe kwa zenyewe.

Ndipo Abdia alipotoka, amefunikwa shela. Kwa siku tisa alikuwa amesema na Hawo maneno ya lazima tu: lete chumvi, sogea, funga mbuzi. Aliona chombo. Alikwenda akapiga magoti, akafumba macho, akapitisha kidole gumba.

Kidole kilisimama.

"Hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa ndipo nilipomshikia uzi."

"Ni mmoja na robo tu," Hawo alisema. "Mingine niliiharibu. Vipande viko ndani. Nisamehe."

Abdia aliendelea kupapasa. Kidole kilipanda juu, kikavuka uzi mweusi, kikafika shingoni.

"Hii shingo imepinda."

"Ndiyo."

"Kama yako unapojibu watu wazima," Abdia alisema, akamvuta akamkumbatia, na wote wawili wakalia mpaka shela ikalowa na wanawake wakaanza kulalamika kwamba bibi harusi ataharibu wanja.

Aliondoka na chombo chake mapajani, kimejaa. Hakukubali mtu mwingine akishike.

Walipokwisha kutoweka barabarani, Hawo na Akko walirudi kuketi pale walipokuwa wakiketi kila siku. Sasa katikati yao hapakuwa na kitu. Hawo alihisi jiwe lile limerudi kifuani. Lilikuwa lile lile, ila safari hii alijua lina umbo gani.

"Akko, sasa nitafanya nini?"

"Utachimba mizizi. Kuna mimi, sina mwingine wa kunisukia cha kubaki nikishakwenda. Na utakapokuwa na binti, utamsukia." Akko alimshika vidole, akapapasa sugu mpya zilizoota. "Sikia, Hawo. Ulidhani kusuka ni kuonyesha watu kwamba kwenu hakuna kasoro. Watu wa kuonyeshwa watakuja na watakwenda. Sisi tunasuka ili aliyekuwapo asifutike. Hiyo ndiyo kazi yake, hata kama hapana anayenunua wala anayesifu. Na kitu cha mtu mwingine usikinyooshe kabla hujauliza kilipinda kwa sababu gani. Umekosa, ukaficha, ukasema uongo. Kisha ukasema kweli nyuzi zikiwa bado ziko mkebeni. Ungengoja mwezi mmoja zaidi, panya wangezila. Kweli nayo ina siku zake."

Hawo aliinamisha kichwa. Tangu siku ile hakumwambia tena mtu "kesho" alipoitwa kufundishwa.

Na wewe? Hapo ulipo yuko mtu anayejua kutengeneza kitu kwa mikono yake: mkeka, mtumbwi, ngoma, chungu, wimbo wa kuamsha ng'ombe. Anazeeka. Huenda anatetemeka sasa hivi. Funga kitabu hiki, nenda ukakae mbele yake, useme, "Nifundishe, na unieleze ni cha nani." Na ukifika ukamkuta ana homa, na zahanati haina dawa, usiketi kungoja boti ya mtu. Piga kelele. Mwambie mwalimu, mwambie imamu, mwambie mchungaji, mwambie chifu, simameni mlangoni kwao mpaka dawa ije. Inuka. Kengele ya kutoka darasani haijalia, najua. Inuka hivyo hivyo.